Malimbikizo ya hisa yasifichwe
BUNIA – Familia iliyokimbia vita ikafika mtaa wa Saio na dola 50 mkononi haipaswi kununua hisa gizani. Sheria ya makampuni ya OHADA ya mwaka 2014, inayofuatwa pia Kongo, inaruhusu hisa za upendeleo kando ya hisa za kawaida. Wenye upendeleo hulipwa gawio kwanza. Likiwa gawio la kulimbikizwa, mwaka ambao hawakulipwa haupotei, unawangojea.

Tuseme kampuni ya mashini ya kusaga inapaswa kuwapa hao dola 400 kila mwaka. Miaka 2 vita vinafunga barabara, hakuna anayelipwa. Mwaka wa 3 kuna dola 1,500 za kugawa. Wenye upendeleo wanachukua 800 za nyuma na 400 za mwaka huo, jumla 1,200. Wenye hisa za kawaida, hata wakiwa wengi, wanagawana 300.

Huo si wizi ikiwa waliambiwa mbele ya kutoa pesa. Wasipoambiwa, ni mtego. Viongozi wa kampuni wasome kanuni hizo kwa Kiswahili mbele ya wote, na malimbikizo yatangazwe kila mwaka. Na mama mkimbizi, kabla ya kufungua kitambaa chake cha pesa, aulize: «Ya nyuma ni ngapi?»