Njia ya Kwenda Bomani Mnaijua

Makamanda, leo naomba tuweke pembeni kidogo habari za tume ya uchaguzi tuzungumzie chanjo. Kabla hujafunga ukurasa ukisema hayo ni mambo ya kliniki, jiulize: Bonde la Kilombero, ni watoto wa nani wanakosa chanjo? Halafu jiulize kwa nini.

Jibu la watawala tunalijua kwa moyo. Wafugaji hawana elimu, wanaamini uvumi, wanahamahama. Ndivyo wanavyosemwa Wabarbaig na Wamaasai. Hata mkulima wa mpunga anayehamia na watoto kwenye kibanda cha shambani mpaka mavuno yaishe, naye anaambiwa hafikiki.

Hafikiki? Oktoba 2012 watu wa bondeni walifikika vizuri sana. Operesheni ya kuokoa Bonde la Kilombero iliingia mpaka kwenye maboma ya ndani kabisa. Magari yalipita, askari walipita, ng'ombe walihesabiwa na familia zikaondolewa. Siku ile hatukusikia mtu akilalamika kwamba barabara mbovu au mafuta hayatoshi. Serikali inayoijua njia ya kwenda kumwondoa mtu isituambie imepotea njia ya kumpelekea chanjo.

Tuje kwenye uvumi. Tarehe 27 Januari 2021, Chato, Rais Magufuli aliwaambia Watanzania kwamba chanjo za wazungu hazifai. Tangu mwishoni mwa Aprili 2020 nchi ilikuwa imeacha kutangaza takwimu, tukabaki na wagonjwa 509 na vifo 21 kana kwamba ugonjwa umekwenda likizo. Julai 2020 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizokataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila kibali cha mamlaka. Ibara ya 18 ya Katiba inasema tuna haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu mambo muhimu kwa maisha yetu. Taarifa zikafungiwa kabatini. Kisha Julai 28, 2021 Rais Samia akachanjwa Ikulu hadharani, jambo jema, lakini mbunge wa CCM, Askofu Gwajima, akawa anaipinga chanjo hiyohiyo kanisani. Sasa mama wa boma alaumiwe kwa lipi? Uvumi aliusikia kwa wakubwa, siyo porini.

Na watu wa bonde hili siyo wageni wa chanjo. Idete, hapa hapa Kilombero, ndipo chanjo ya malaria iitwayo SPf66 ilipojaribiwa kwa watoto 586 wa mwaka 1 hadi 5. Matokeo yalichapishwa 1994, kinga ikaonekana ni asilimia 31. Tangu 1996 watafiti wa Ifakara wamekuwa wakipita kaya kwa kaya kuandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Kwa hiyo inawezekana. Sayansi ilipotaka damu ya watoto wetu ilijua mlango wa kila mmoja. Zamu ya kurudisha fadhila ikifika, mlango hauonekani?

Niseme la sheria kidogo, maana ndilo ninalosomea. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 8, inamtaka mzazi ampatie mtoto matibabu pamoja na chanjo. Sawa. Lakini nimewahi kukaa kwenye benchi la zahanati moja, siitaji jina, nikamwona mama wa Kibarbaig anarudishwa na mtoto mgongoni kwa sababu hana kadi. Alieleza kwamba kadi ilipotea siku walipohamishwa. Akaambiwa aende akaitafute. Aitafute wapi? Mzazi anabanwa na sheria, aliyemhamisha habanwi na kitu.

Chanjo ya UVIKO-19 ilipoanza ilikuwa ya wenye miaka 18 na kuendelea. Maana yake kinga ya mtoto ni bibi, baba na mama wanaolala naye chumba kimoja. Na shehena ya kwanza, dozi zaidi ya milioni 1 za Janssen, ilikuwa ya sindano moja tu. Kwa mtu anayehama na mifugo, hakuna chanjo rahisi kuliko hiyo: umemkuta mnadani, umemchanja, amemaliza. Mtoto naye anahitaji surua-rubella akiwa na miezi 9, halafu miezi 18. Kati ya sindano hizo mbili familia yake inaweza kuhamishwa.

Msidhani ni Kilombero peke yake. Ngorongoro, Machi 2022, fedha za UVIKO-19 zilizopangwa kwa shule za watoto wa Kimaasai zilielekezwa Handeni. Huo ni mkopo utakaolipwa na sisi wote, wakiwemo wazazi wa watoto hao. Tanzania hiyohiyo mwaka 2007 ilipiga kura ya ndiyo Umoja wa Mataifa kuunga mkono azimio la haki za watu wa asili. Ikirudi nyumbani inasema Waafrika wote ni wa asili, faili linafungwa.

Sasa tuambiane ukweli na sisi wenyewe. Kuna makamanda wanaosambaza kwenye magrupu kwamba chanjo ni mpango wa kutuua, eti kwa sababu serikali ndiyo inaihamasisha. Huo siyo upinzani. Huko ni kumalizia kazi iliyoanzia Chato. Tulipiga kelele kudai chanjo wakati wao wanaikataa. Hatuwezi kugeuka leo.

Tudai haya. Chanjo ipelekwe minadani, majoshoni na mashambani msimu wa mpunga, siyo kusubiri watu kituoni. Mtoto asirudishwe kwa kukosa kadi, achanjwe na apewe mpya. Orodha ya wachanjaji isiguswe kamwe na watu wa operesheni, kwa sababu mama akihisi muuguzi ndiye anayemwonyesha askari njia, hatafungua mlango, na mimi sitamlaumu. Na halmashauri zitangaze takwimu kijiji kwa kijiji, tujue nani ameachwa.

Wewe uliye Ifakara, Mlimba au Malinyi, mkutano wa kijiji ujao simama uulize: njia ya bomani mnaijua, mtapeleka nini safari hii?

Mapambano yanaendelea.