Wewe Uliyevuta Sigara Miaka Mingi

Ndugu msomaji, maneno haya siwaandikii vijana. Vijana wamekwisha ambiwa mengi juu ya tumbako, na masikio wanayo. Nakuandikia wewe uliyeanza kuvuta zamani, ulipokuwa kijana wa kukata mawe hapa Manda Maweni au wa kukata boriti mikokoni, na leo una wajukuu, na watu wa nyumbani wamechoka kukusihi uache. Ulijaribu mara moja, ukajaribu mara ya pili, ukashindwa. Sasa husema, "Mimi nimekwisha zoea, niacheni na sigara yangu." Maneno hayo nayajua vizuri, kwa sababu nilivuta miaka 27 na nilikuwa nikiyasema mimi mwenyewe.

Kwanza nikueleze jambo lililonitia aibu. Sote twajua kwamba kisiwa chetu hakina mto, na maji matamu ni shida. Mvua ikinyesha twakinga katika mabirika na majabia. Kaskazi ikikolea, jabia likikauka, yatubidi kununua maji kwa madumu, yakivushwa kwa mashua. Siku moja ya kaskazi mashua ilifika, nami mfukoni nilikuwa na fedha ya dumu moja tu. Nikateremka kwenda pwani. Njiani nikapita dukani, nikanunua sigara mbili, moja nikaivuta pale pale. Nilipofika pwani fedha iliyobaki haikutosha. Nikamwomba mwenye mashua anikopeshe maji. Akanikopesha, lakini macho yake yalikuwa juu ya vidole vyangu, maana sigara ya pili nilikuwa nimeishika mkononi. Akasema tu, "Haya, mzee, chukua." Nimepata kutukanwa na watu wengi katika maisha yangu, lakini hapana tusi lililonichoma kama "haya, mzee" ile.

Tena dumu lenyewe sikuweza kulipandisha mpaka nyumbani bila kulitua mara tatu. Mara ya tatu mjukuu wangu akaja, akalitwaa.

Basi tufanye hesabu, wakulima tuna desturi ya kuhesabu. Sheria ya Kudhibiti Tumbako ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara moja moja. Pakiti haipasi kuwa na sigara chini ya kumi. Lakini wewe na mimi twajua jinsi zinavyouzwa katika vibanda. Kwa maoni yangu, hiyo moja moja ndiyo inayotumaliza sisi watu wa kipato kidogo, kwa kuwa hatuoni kamwe jumla ya fedha inayotoka. Tuseme wanunua sigara moja kwa shilingi 15, nawe wavuta kumi kwa siku. Hiyo ni shilingi 150 kwa siku, shilingi 4,500 kwa mwezi wa siku thelathini, na kwa mwaka mzima shilingi 54,750. Mtu akija kwako na karatasi ya deni la shilingi 54,750 utamfukuza na fimbo. Lakini deni hilo walilipa kila mwaka, na huna hata bati moja la kukingia mvua ya kuonyesha.

Pengine utasema hii ni desturi ya wazee wetu. Wazee gani? Mji wa kale wa Manda, ule ambao Bwana Neville Chittick alianza kuuchimbua mwaka 1966, ulikuwa na watu tangu karne ya 9. Walijenga nyumba za mawe, walifanya biashara na watu wa Ghuba ya Uajemi, walizaa na kuzikana, na hao wa kwanza hawakupata kamwe kuiona tumbako. Mmea huo ulikuwa bado uko Marekani peke yake, nao haukuvuka bahari ila baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492.

Juu ya magonjwa sitasema mengi, maana umeziona picha kwenye pakiti: saratani ya mapafu, ugonjwa wa moyo, kiharusi, pumzi kukatika. Sisi wa mawe na chokaa twajaza vumbi kifuani mchana kutwa, kisha twaongeza moshi juu yake. Lakini liko jambo jingine ambalo wakulima wengi hawalijui, nami nililijua nikiwa nimechelewa.

Uko ugonjwa wa mimea uitwao batobato ya tumbako. Majani ya nyanya au pilipili huwa na mabaka ya kijani kibichi na kijani cheupe, hujikunja, na mmea hudumaa. Ugonjwa huu waletwa na kirusi kilicho kigumu kufa kuliko vingi, hata huweza kudumu katika tumbako iliyokwisha kaushwa na kusokotwa kuwa sigara. Mkulima akivuta, kisha akaingia kitaluni kupandikiza miche au kupogoa bila kunawa mikono kwa sabuni, aweza kuwapelekea nyanya zake ugonjwa kwa vidole vyake mwenyewe. Dawa ya kuuponya mmea uliokwisha shikwa haipo, hung'olewa ukachomwa. Mimi nilipanda nyanya kidogo karibu na birika, nikazimwagilia kwa maji ya kununua, na vidole vyangu vilikuwa vya manjano kwa tumbako. Siwezi kuapa kwamba ni mimi niliyeziua. Lakini bwana shamba alipozitazama nyanya, kisha akaitazama mikono yangu, nilitamani kuificha.

Sasa tuje kwenye neno kubwa, yaani kwamba wewe umechelewa. Hapa ndipo tunapokosea sana. Huko Uingereza wataalamu wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walianza mwaka 1951 kuwafuatia madaktari wanaume zaidi ya 34,000, kuwaona wavutaji na wasiovuta watakuwaje. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, naye aliacha alipoona hesabu zake za kwanza. Kazi hiyo iliendelea miaka hamsini, na matokeo yakatolewa mwaka 2004. Walioendelea kuvuta walikufa kiasi cha miaka kumi kabla ya wasiovuta. Lakini aliyeacha akiwa na miaka 60 alijipatia kiasi cha miaka mitatu ya kuishi. Aliyeacha na 50, miaka sita. Aliyeacha na 40, miaka tisa. Basi fikiri, wewe wa miaka sitini. Miaka mitatu ni misimu mitatu ya masika, ni mavuno matatu ya simsim, labda ni kumwona mjukuu akimaliza shule. Utaitupa kwa kuwa umezoea?

Wala faida haingoji miaka. Mapigo ya moyo huanza kushuka katika dakika ishirini. Baada ya majuma machache pumzi hufunguka, na baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo hupungua hata kuwa nusu ya ile ya anayevuta.

Utasema, "Nataka, lakini siwezi kukaa saa mbili bila sigara." Ewe ndugu, kama wewe ni mfungaji, mwezi wa Ramadhani wakaa saa kumi na tatu bila sigara, tena bila maji wala chakula, na mawe wayakata. Siku thelathini! Nguvu hizo wazitoa wapi? Taabu ni kwamba magharibi ikiingia wengine wetu hufuturu kwa tende moja na sigara tatu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Basi shauri langu kwa mtu wa hapa ni hili: mwezi wa mfungo uwe maandalio. Kila usiku punguza, na usiku wa kuandama mwezi iwe mwisho, uamke Mfungo Mosi huna sigara ndani ya nyumba. Wala usiweke "moja ya akiba". Akiba hiyo nilipata kuiweka juu ya boriti ya dari, na siku ya pili nilipanda ngazi.

Asiye mfungaji naye achague siku yake, awaambie watu wa nyumbani, wala asiifanye siri. Siri hufanywa ili mtu akishindwa asionekane.

Siku tatu za kwanza ni mbaya, sitakudanganya. Utakuwa na hasira, usingizi utapaa, kichwa kitauma, utakula kama nzige. Kifua chaweza kukohoa zaidi kuliko kabla, nawe utasema, "Kumbe sigara ilikuwa dawa!" Hasha. Ni kifua kinajisafisha. Hamu yenyewe huja kama wimbi: hupanda, hukaa dakika chache, kisha hushuka, uvute usivute. Kazi yako ni kuipitisha mikono dakika hizo. Mimi nilitafuna karafuu na tangawizi, na nilisokota kamba ya makumbi hata nyumba ikajaa kamba. Mke wangu alicheka, lakini kiberiti alikishika yeye, nami nikitaka kuchoma magugu nilikwenda kukiomba kama mtoto. Baada ya majuma matatu au manne dhiki hupungua sana. Wako wanaohitaji msaada zaidi, na si aibu; ukienda hospitali ya King Fahd, Lamu, mwulize daktari. Iko pia dawa ya kubandika ngozini na ya kutafuna, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2009.

Jihadhari na hila mbili. Ya kwanza ni kubadili sigara kwa tambuu yenye tumbako, au ugoro, ukasema umeacha. Hukuacha, umehamisha moto kutoka kifuani ukautia kinywani, na saratani ya kinywa haina huruma. Hata popoo lenyewe, bila tumbako, laleta saratani. Ya pili ni "moja tu". Mara ya kwanza niliacha miezi minane. Nikaenda harusini ng'ambo, rafiki akaniwashia moja kwa mapenzi, nikaona kuikataa ni kumvunjia heshima. Kabla ya juma kwisha nilikuwa nikivuta kumi. Ikikupata hivyo, usingoje mwaka mwingine. Anza tena kesho yake, maana kila mara mtu ajifunza mahali anapoanguka. Mimi nilijifunza kwamba mahali pangu ni benchi la duka na watu wa miraa jioni.

Huu ni mwaka wa tatu. Madumu nayapandisha mwenyewe, natua mara moja tu, nayo ni kwa sababu ya magoti. Kwa akiba ya mwaka wa kwanza nilinunua mabati na mifereji, na mvua za mwaka uliofuata zilijaza birika. Hata hivyo, hamu haijafa kabisa. Usiku mwingine naota navuta, naamka nimekasirika. Na nikiteremka pwani bado napita njia ya mikokoni, siyo ya dukani, ingawa ni ndefu na ina matope.