Tunajirekodi, Haturekodi Dansi

Leo tuambiane ukweli.

Kuna base yetu huku nyuma ya Makutano. Si klabu. Ni kachumba ka stoo, spika mbili za kuazima na dijei mmoja mwenye kompyuta iliyopasuka kioo. Lakini Jumamosi usiku, hapo ndipo utaona dansi. Kulikuwa na mse mmoja mwenye staili yake: anashuka polepole mpaka unadhani goti limegoma, halafu biti ikirudi unampata ashasimama. Sote tulijaribu kumwiga. Hakuna aliyeweza.

Mwaka jana akaenda Qatar kutafuta kazi. Juzi akaandika kwa grupu: "Nitumieni klipu nikicheza, nimewamisi." Tukapekua simu 11. Unajua tulipata nini? Nyuso zetu! Mimi nimetoa ulimi, mwingine amevaa miwani ya jua usiku. Yeye yuko huko nyuma, nusu bega, sekunde 4. Zile klipu nzuri ziliwekwa Status, na Status ni ya saa 24 tu. Kumbe miaka hiyo yote hatukuwa tunarekodi dansi. Tulikuwa tunajirekodi.

Cheki majirani zetu. Singeli ilizaliwa mitaani Dar es Salaam, muziki wa mbio, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Wako waliouona ni kelele tu. Lakini studio ya Sisso, kule Mburahati, haikungoja ruhusa ya mtu, iliendelea kurekodi vijana wa mtaa. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa albamu ya Sounds of Sisso, na watu wa mbali wakasikia. Kama kazi haingekuwa imewekwa, wangesikia nini?

Utaniambia, "Si YouTube iko?" YouTube si stoo yako. Mwaka 2019 video ya Tarimbo ya Ethic iliondolewa huko baada ya watu kulalamika kwamba inasifu ubakaji. Maneno yale siyatetei hata kidogo. Nasema tu kwamba mwenye nyumba ndiye mwenye ufunguo.

Na kuna wale wanasema raha ya base ni kutorekodiwa. Wana pointi. Kuna dada huja akiwa ameaga kwao kwamba anaenda mazoezi ya kwaya. Hiyo klipu ikifika kwa shosho, ameisha. Basi uliza kwanza. Mtu akikataa, geuza simu. Na si kila klipu lazima iende TikTok. Nyingine ni zetu tu.

Pendekezo langu ni hili. Kila Jumamosi mtu mmoja arekodi wimbo mmoja, mwanzo hadi mwisho, miguu ionekane. Aandike tarehe, mahali, jina la dijei na la anayecheza, kama amekubali. Aweke kwa flashi na kwa kompyuta, maana simu huibiwa. Halafu arudishe simu mfukoni acheze kama wengine.

Yule wa Qatar tulimtumia zile sekunde 4. Akajibu: "Hilo bega ni langu kweli?"

Tulicheka. Lakini hakuna aliyekuwa na jibu.