Anwani si yangu, lawama zangu

 

Mwanzoni mwa mwezi nilifungiwa intaneti ya nyumbani hapa Isevya, Tabora. Fundi kaja, kachomeka, kaondoka. Nikataka niwe naiona kamera ya getini hata nikiwa Dar. Wapi! Nikafungua ruta: anwani inaanza na 100.72. Nikaenda kwenye tovuti inayokuonyesha anwani yako: namba nyingine kabisa, tena inadai niko Dar es Salaam! Nikapiga huduma kwa wateja. "Zima uwashe, kaka." Nimezima na kuwasha mara nne.

Jamani, hujaibiwa, wala ruta si mbovu. Namba kuanzia 100.64.0.0 mpaka 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya makampuni yanayorundika wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ukiiona humo, usijichoshe kufungua poti kwenye ruta. Unafungua mlango wa chumba, geti analo mwenye nyumba.

Watajitetea kwamba anwani zimekwisha. Kweli, za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu dunia nzima, na AFRINIC inazigawa kwa mafungu madogo tangu 2020. Lakini IPv6 ilichapishwa mwaka 1995! Nani kawazuia?

Na hili si la kamera tu. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Jirani nisiyemjua akitapeli watu, anwani itakayoonekana ndiyo hiyo hiyo yangu. Kampuni isipotunza namba ya poti na saa kamili, polisi watamtofautishaje yeye na mimi? Tovuti nazo zikimfungia yeye, zimetufungia wote.

Mwaka 1871 Stanley alikuta mfuko wa barua za Livingstone umelala hapa hapa Unyanyembe, mwenyewe barua yuko mbali huko magharibi. Angalau ule mfuko ulikuwa na jina lake.

Nimewaandikia wanipe IPv6, au anwani yangu ya nje hata kwa kulipia, na waseme kwenye mkataba wanachouza. Leo siku ya tisa, kimya. Meseji ya bili imefika jana.