Kichwa Kinachowanga Baada ya Kupasuliwa



Mama mmoja ametuandikia kwamba daktari amemshauri apasuliwe ili aondolewe vijiwe vya nyongo, naye anaahirisha mwezi baada ya mwezi. Kisu hakimtishi. Kinachomtisha ni kwamba alipopasuliwa miaka ya nyuma, aliamka na kichwa kilichomwanga siku mbili, hata mwanga wa dirishani hakuweza kuutazama. Auliza: je, ni dawa ya usingizi iliyomfanyia hivyo, na je, aweza kupewa nyingine?

Swali lake ni la haki. Usingizi wa upasuaji, ambao wengi huuita nusukaputi, hauletwi na dawa moja. Zipo dawa za kuvuta kwa pumzi, kama halotheni, isoflurani na sevoflurani. Zipo pia za kutiwa mshipani, na mashuhuri kati ya hizo ni propofoli, nyeupe mfano wa maziwa. Mara nyingi ya mshipani humlaza mgonjwa, kisha ya pumzi ikamdumisha usingizini.

Dawa za pumzi hutanua mishipa ya damu ya ubongo, ilhali propofoli hupunguza damu iendayo huko. Tena propofoli hupunguza kichefuchefu na kutapika baada ya upasuaji. Kwa hiyo daktari wa usingizi aweza kuipendelea kwa mtu mwenye kipandauso au aliyewahi kuamka akitapika. Hata hivyo, hapana dawa itoayo ahadi kwamba kichwa hakitauma.

Wala lawama zote si za dawa. Njaa, kiu, wasiwasi na kukesha huchangia. Kahawa nayo ina lake: twaijua hali hii katika siku za mwanzo za Ramadhani, pale aliyezoea kahawa au chai anapoikosa na kichwa kikamgonga alasiri. Miongozo ya madaktari kwa kawaida humtaka mgonjwa aache chakula saa 6 kabla ya usingizi, lakini humruhusu maji, hata kahawa isiyo maziwa, hadi saa 2 kabla. Asijiamulie mwenyewe, aulize, kwani hali za wagonjwa hutofautiana.

Wako wanaodhani kuwa sindano ya mgongo, itumiwayo sana kwa kina mama wanaojifungua kwa upasuaji, humwokoa mtu na maumivu haya. Mwaka 1898 daktari August Bier wa Kiel, Ujerumani, alijaribiwa sindano hiyo yeye mwenyewe, naye akaumwa na kichwa siku kadhaa. Sababu ni kwamba maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo huweza kuvuja kupitia tundu la sindano. Alama yake ni kichwa kuzidi mtu anapoketi au kusimama, na kutulia anapolala. Sindano nyembamba za siku hizi zimeipunguza sana hali hii, na ikitokea, ina matibabu.

Basi mama yetu, kabla ya siku ya upasuaji mwambie daktari wa usingizi mambo matatu: yaliyokupata mara ya kwanza, kama una kipandauso, na vikombe vingapi vya kahawa au chai unakunywa kwa siku. Yeye hawezi kuchagua vyema kwa jambo alilofichwa.

Na baada ya upasuaji, subira isigeuke kuwa kimya. Kichwa kikija na homa, shingo kukakamaa, degedege, macho kuona ukungu, au mkono na mguu kulegea, rudi hospitali saa hiyo hiyo. Mzazi aliyejifungua karibuni na ana shinikizo la damu asingoje hata usiku mmoja. Dua iendelee, na safari ya hospitali iendelee pamoja nayo.

Vijiwe vinavyoachwa huweza kuziba njia ya nyongo na kuleta maradhi makubwa kuliko kichwa cha siku mbili. Usiahirishe tena. Nenda, uliza, kisha utawakali kwa Mola wako.

Allah Awaponye wagonjwa wetu wote. Wabillahi tawfiq.