"Mimi Sikusoma, Nitamsaidia Nini?"

Kauli hii nimeisikia katika mitaa ya Mabatini, Igogo na Mkolani, na kila mara inatoka kwa mzazi anayempenda mwanawe. Kinachofuata ni kutafuta hela ya tuisheni. Naiheshimu kauli hii, ila siikubali.

Ina ukweli wake. Kuanzia kidato cha kwanza masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na mzazi aliyeishia darasa la saba hawezi kusahihisha fizikia. Tena kosa lisilosahihishwa huota mizizi. Hapo mwalimu hana mbadala. Lakini kusahihisha ni sehemu moja tu ya kazi ya nyumbani.

Kwanza, kuna kukumbuka bila kuchungulia. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Wengine walikisoma tena. Wengine waliandika walichokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42 ya kifungu, wenzao 56. Ndivyo mtoto anavyosoma daftari mara nne usiku, akalala akiamini ameiva, kisha mtihani ukamkuta mtupu. Kumwambia, "Funga daftari, nieleze mlichosoma leo," hakuhitaji cheti.

Pili, asiyejua akiuliza, mtoto hulazimika kufafanua. Hata kile Kiingereza kinachotutisha hakizuii: mtoto akiweza kukueleza kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, jinsi jani linavyojitengenezea chakula, ameelewa. Akiweza tu kukariri sentensi aliyoinakili ubaoni, bado.

Jirani yangu mmoja hupika chapati za kuuza. Jioni moja binti yake wa darasa la tano alikuwa ameandika kwamba nusu ukijumlisha na theluthi unapata 2/5. Mama hajui kujumlisha sehemu, na alisema hivyo waziwazi. Akampa chapati: "Hebu nionyeshe hilo jibu." Binti akaikata vipande vitano, akatenga viwili. Mama akachukua chapati nyingine, akaikata katikati, akaweka nusu yake kando ya vile vipande.

"Ulikuwa na hii nusu, nikakuongezea. Mbona sasa unayo kidogo kuliko mwanzo?"

Binti alitazama sahani kwa muda mrefu, kisha akachukua raba. Jibu la 5/6 alilipata kesho yake shuleni, baada ya kumpelekea mwalimu swali lile lile la mama yake.