Uvira: Hewa ya juu kabisa nayo inawahusu wakaaji wa Rugenge

Mkaaji wa mtaa wa Rugenge, mjini Uvira, anajua upepo wa ziwa na mvua ya milimani. Hewa iliyo mamia ya kilomita juu ya kichwa chake haimsumbui. Ingefaa imsumbue kidogo.

Huko juu ndiko satelite zinapita. Nyingine hupiga picha za mafuriko, kama yale ya mto Mulongwe ya Aprili 2020. Nyingine hupima kimo cha maji ya Tanganyika, au hubeba intaneti. Wengi wanafikiri huko hakuna kitu. Hewa ipo, nyembamba sana, na inazipunguzia satelite mwendo. Jua likichafuka, hewa hiyo inapata joto, inavimba, na satelite inakuta hewa nzito kuliko jana.

Februari 2022, kampuni SpaceX ilirusha satelite 49 za Starlink. Dhoruba ya jua ikazikuta zikiwa bado chini, kwenye kilomita 210 hivi. Satelite 38 zilipotea. Hesabu peke yake haitoshi, inahitaji vipimo.

Vipimo hivyo vimekwisha kufanyika katika eneo letu. Mwaka 1967, Italia, ikisaidiwa na Marekani, ilirusha satelite San Marco 2 kutoka baharini karibu na Malindi, Kenya, ili kupima uzito wa hewa ya juu ya ikweta. Afrika Mashariki ilitoa mahali, lakini elimu kubwa ilirudi Ulaya.

Kuna watakaosema kwamba mji unaohangaika na maji safi na kipindupindu hauna nafasi ya mambo hayo. Wana haki ya kuuliza. Lakini hakuna anayeomba Uvira irushe roketi. Uvira ina kituo cha utafiti wa ziwa, CRH, na Kivu Kusini ina Lwiro. Inafaa serikali iwalipe watafiti wake vizuri, na somo hili liingie katika fizika ya shule za sekondari.

Wavuvi wa Tanganyika hawangoji mtu wa mbali awaambie upepo unatoka wapi. Siku picha ya satelite itakaposema ziwa limepanda, Uvira iwe na vijana wake wanaoweza kuisoma, na kuuliza kama kipimo hicho ni cha kweli.